Mwanafunzi wa Mwalimu Zohali

Jua lilikuwa kifundo cha mbao, na mzee alikuwa akilikwaruza kwa ncha ya msumari.

"Unaliharibu, baba," binti yake alisema.

"Naliwasha," mzee alijibu bila kuinua uso. "Jua lazima liwashe vidole. Asije akalichanganya na sayari."

Aliyekuwa akisemwa ni mwanafunzi asiyeona wa shule ya jirani. Mzee alikuwa amefundisha historia ya elimu ya nyota katika shule ile ile hadi akastaafu. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Zohali, kwa kuwa hakuweza kumaliza kipindi bila kuitaja sayari hiyo. Sasa, alisema, kuna mwanafunzi mmoja asiyeona ambaye yeye anamtengenezea mbingu ya kupapasa kwenye ubao. Meza ya sebuleni ilijaa vumbi la mbao, hata pa kuweka sahani hapakuwapo.

Binti alikuwa mshonaji. Alifunga kibanda chake mjini akarudi nyumbani mama yake alipozikwa, maana ndugu walisema mzee asiachwe peke yake. Alidhani watalia pamoja. Badala yake alijikuta kama mpangaji. Alinyoa nywele zote, mzee asiseme neno. Alivaa gauni la marehemu, lile la maua alilolipenda mzee, nalo likapita kimya. Kila alipomsalimu, baba alijibu vizuri tu, lakini macho yake yalibaki ukutani.

Jioni moja alimwita kutoka uani. "Baba, njoo uone Zuhura. Imetua juu ya paa la jirani."

"Nimeiona ya kutosha, mama," mzee alisema, akarudi kwenye msumari wake.

Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akimbeba mabegani utotoni, ati awe karibu zaidi na Mwezi.

Ubao ulipokaribia kwisha, mzee alimwita akaushika mkono wake. "Fumba macho. Sasa zungusha kidole humu kwenye mfereji."

Alizungusha. "Mbona si duara?"

"Hapo ndipo penye kisa. Karne nyingi watu waliamini kwamba mbinguni kila kitu huzunguka kwa duara, kwa sababu duara ni zuri. Mpaka akatokea mtu akahangaika na Mirihi miaka na miaka, hesabu zikamgomea, mwishowe akakubali: njia yake ni duara lililobanwa kidogo, na Jua haliko katikati."

"Na hizi pini za kando?"

"Kutoka pini hadi pini ni muda ule ule. Karibu na Jua zimeachana, sayari inakimbia. Huku mbali zimesongamana, inajikokota."

"Kwa nini isijiendee zake tu?"

"Inavutwa. Akaja mwingine baadaye akasema kinachoangusha tunda ndicho kinachoushika Mwezi. Mwezi unaanguka kila siku, mama. Ila unaanguka kwa kupitiliza, haufiki chini."

Sauti yake ilikuwa laini kama zamani. Binti alifumbua macho, akaona kwamba hata sasa baba hakuwa akimwangalia. Ule ulaini ulikuwa wa mtu mwingine.

"Unampenda sana huyo mwanafunzi wako."

"Kumpenda sijui. Ananichosha. Sijapata kufundisha mtu mkaidi kama yeye." Mzee alipapasa ukingo wa ubao. "Na anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Kuwa mzigo kwa watu." Kisha akasukuma kitabu kikuukuu upande wake. "Nisomee hapo kwenye Mshtarii. Mikono yangu ina gundi."

Alimsomea. Alisoma huku akijionea aibu, kwa sababu alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, na bado alimwonea wivu mtoto wa watu asiyemjua.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata alidanganya kwamba anakwenda kununua nyuzi, akaelekea shuleni. Alitaka kumwona tu. Labda akimwona angeelewa mtoto huyo amempa nini baba yake ambacho yeye hana.

Mwalimu mkuu, mwanamke aliyewahi kufundishwa na mzee, alimsikiliza huku uso ukimbadilika.

"Mwanafunzi asiyeona? Hapa hatuna, dada. Na mzee hajakanyaga hapa tangu alipoaga. Tulimsihi arudi, hata kipindi kimoja kwa wiki. Alikataa, na sababu hakuitoa."

Mvua ilimkuta njiani, wala hakujikinga. Kumbe hakukuwa na mtoto. Baba alikuwa amejitungia mtoto wa watu ili asilazimike kukaa na wa kwake. Kila hatua ilimwongezea neno la kumwambia, na la mwisho lilikuwa fupi: naondoka. Angerudi kwenye cherehani yake, na ndugu waseme watakavyosema.

Alipofika barazani mvua ilikuwa imekatika. Viatu vilikuwa vizito kwa tope, akavivua, akaingia pekupeku.

Jua la mchana lilikuwa limejaa dirishani, likimwangaza mzee usoni, wala hakupepesa macho. Alikuwa ameketi wima, kiganja kimelala juu ya ubao. Binti alizunguka meza, akasimama mbele yake kabisa, kifua kikipanda na kushuka, maneno yote yakiwa mdomoni.

Mzee aliisikia pumzi yake, akainua uso. Alimtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu," alisema. "Kama unamtafuta binti yangu, ametoka. Keti umngoje, hatakawia kurudi."