Sikio la Fundi

"Zimeni kompresa! Injini inataka kusema."

Baba alivua kofia kama mtu anayeingia msibani. Mafundi wakanyamaza. Ndivyo alivyofanya siku zote: ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, sikio kwenye mpini, macho yamefumbwa.

Mgonjwa wa leo alikuwa pikapu ya kampuni ya maji. Ikipakiwa mzigo, inakohoa. Meneja aliyeileta alikuwa na nyingine kumi na nne, na hakuficha kitu: hii ikipona, zote zinakuja.

"Mzee, itachukua muda gani?" aliuliza.

"Miaka arobaini!" baba akajibu, uso ukimng'aa.

Meneja akacheka mpaka akashika kiuno. Mzee ana utani huyu!

Binti wa mzee alikuwa ameinamia laptopu. Kwa siku tatu, kifaa kidogo chini ya usukani kilikuwa kimerekodi kila pumzi ya injini: mafuta kiasi gani, hewa kiasi gani, silinda ipi imekosa kuwaka. Kazi yake ilikuwa kuisoma rekodi hiyo, kisha kurekebisha jedwali la mafuta, namba kwa namba, mpaka kila nozeli imwage haki yake, isizidi wala isipungue.

Baba aliiita laptopu hiyo "mke mwenza wa bisibisi". Walikuwa wamewekeana sharti tangu walipomzika mama: yeye anasikiliza, binti anasoma, kisha wanalinganisha.

"Siku mashine yako ikinishinda," alisema, "navua ovaroli, naenda nyumbani kuhesabu mijusi ukutani."

Binti aliijua nyumba hiyo: viti vinne, na mtu mmoja wa kuvikalia. Kila asubuhi alimwombea baba ashinde. Na kweli, mzee hakuwahi kukosea hata mara moja.

"Mnanong'onezana nini na mke mwenza?" baba alimtania, akipita nyuma yake kuitungua bisibisi ukutani. Akasimama kidogo begani kwake, akakitazama kioo cha laptopu, akasonya, akaenda zake.

Pikapu ikawashwa. Sikio likalazwa kwenye mpini.

"Silinda ya tatu," baba akatangaza hatimaye. "Ikifika mizunguko elfu tatu, inanyimwa mafuta. Hiyo nozeli inadonoa kama kuku mgonjwa."

Binti akatazama kioo. Silinda ya tatu. Mizunguko elfu tatu. Mafuta pungufu.

Injini ikazimwa.

"Na mashine inasemaje?" meneja akauliza.

"Hivyo hivyo," binti alisema kwa furaha. "Neno kwa neno."

Mafundi wakapiga makofi. Baba akainama kushoto na kulia kama bwana harusi. Meneja akatoa simu, akamwambia mtu wa upande wa pili alete pikapu zote, huku kuna mzee ana sikio la ajabu.

Binti akashika kipanya aanze kurekebisha jedwali. Ndipo alipoona namba ya gari juu ya rekodi.

Alikuwa amefungua faili siyo. Hii ilikuwa ya gari la mkate, lililokuwa bado nje likisubiri zamu yake, ambalo baba hajaligusa. Akafungua ya pikapu haraka. Silinda ya tatu ilikuwa nzima kabisa. Iliyokuwa ikikosa kuwaka ni ya kwanza.

Akainua kichwa polepole. Baba alikuwa hatua mbili mbele yake, amempa mgongo, akifuta bisibisi kwa kitambaa. Gereji ilikuwa kimya.

"Baba," akaita kwa upole.

Kitambaa kiliendelea kupanda na kushuka.

"Baba!"

Aliyegeuka ni meneja.