Kanda Ni Nani?

Ilikuwa siku ya nne tangu pampu ife. Msimamizi wa jengo alikuwa amefika ghorofa ya tano na madumu mawili ya maji, bosi wake alipomkuta ngazini, barua mkononi.

“Hongera, mama. Umepanda cheo. Utasimamia kanda nzima, majengo kumi na mawili. Au ukipenda, baki hapa hapa.”

Aliyatua madumu. Vishikio vilikuwa vimemchimba viganja, vidole havikunjuki.

“Niliomba pampu mpya mara sita. Nani alikataa?”

“Kanda.”

“Kanda ni nani?”

Bosi alikohoa. “Amestaafu. Ukikubali, kuanzia Jumatatu kanda ni wewe.”

Mlango ulifunguliwa. Bibi aliyekuwa akisubiri maji alikuwa amesikia yote. “Nenda tu, mwanangu,” alisema kwa uchungu. “Wote huwa mnatukimbia.”

Hasira zilimpanda msimamizi hadi masikio yakawaka. Alimpokonya bosi barua na kalamu, akakata neno ‘Jumatatu’, akaandika ‘leo’, akasaini.

Bosi alikuwa bado anatafuta miwani yake wakati msimamizi alipompigia simu muuza pampu.

“Lete sasa hivi,” alifoka. “Anayeidhinisha ni mimi.”