Kombora Lenye Kimwezi

Mposaji wa pili alitoka mbio hadi stendi ya Magogoni, viatu vyake vikabaki barazani kwa Mzee Hamdun.

Alikuwa amepakatishwa kombora tu. Hamdun aliyakusanya makombora ya mizinga midogo ya kale, ile iliyokokotwa na nyumbu zaidi ya karne moja iliyopita, akayapanga sebuleni kama vyombo vya harusi. Yote yalikuwa matupu, na hilo walilijua watu wa nyumbani peke yao. Mposaji akija, Hamdun alimpakatisha moja na kumwambia kwa upole, "Taratibu, mwanangu. Baruti yake ingali ndani."

Bintiye, Salsabil, alikuwa amechoka. Alimwambia mamake kwamba huyu wa tatu, Taha, akikimbizwa, yeye haolewi tena, na babake akatafute wajukuu kwa makombora yake.

Bi Nadhira akamsihi mumewe. Kijana ana karakana yake Chaani, mikono ina grisi lakini ni ya halali. Hamdun akajibu kwamba grisi haina neno, yeye apima moyo. Kisha akamwapisha Salsabil asimdokezee Taha lolote. Salsabil akaapa, kwa kununa.

Siku ya posa, mbele ya wazee, Taha alipakatishwa kombora bora kuliko yote, lile aliloleta Nguma, dalali wa vyuma vya kale kutoka Miritini. Hamdun akahadithia lilivyofukuliwa chini ya reli, na jinsi makombora wenzake yalivyotawanya jeshi zima likaacha chakula motoni. Akaonyesha kitakoni alama ndogo mfano wa mwezi mchanga: muhuri wa Sultani, wallahi.

"Na baruti yake ingali ndani."

Taha hakutikisika. Alilipindua, akaligonga kwa ukucha, akalipapasa kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Akanywa kahawa nalo mapajani, akaomba kikombe cha pili.

Machozi yalimlenga Hamdun. Fatiha ikasomwa, neno likafungika.

Wazee walipokuwa wakitafuta viatu vyao, akamvuta kijana kando. "Sema kweli. Salsabil alikwambia nini?"

"Hakunambia kitu, baba."

"Na hukuogopa?"

"Niogope nini? Hicho kimwezi ni alama ya jino la jiriwa, kibanio changu cha karakana, kila chuma hukiuma vivyo hivyo." Taha akainamisha macho kwa adabu. "Lakini Nguma angalinambia aliponiagiza kwamba ni la baba mkwe, ningalilikereza vizuri zaidi."