Kichujio Kinachotaka Tabasamu

Kichujio chetu cha maji hakifunguki mpaka kione tabasamu. Kina kamera juu ya bomba, na picha huenda moja kwa moja kwa mfadhili aliyekilipia, ili ajionee tunavyofurahi. Hao mabingwa waliokibuni wanakisifu kwamba ni cha bei nafuu. Nafuu yao; mashavu yanayouma ni yetu.

Siku tuliyomzika mume wangu, uani palijaa waombolezaji na jua lilikuwa kali. Nikaenda kuwachotea maji, macho yamevimba.

"Samahani mama," kichujio kikasema kwa ile sauti yake laini ya kinafiki. "Hatujaiona furaha yako. Jaribu tena."

"Nimefiwa, wewe!"

"Samahani mama. Jaribu tena."

Wifi yangu Mbeyu, dada wa marehemu, akanivuta pembeni. "Unabishana na bomba, wifi? Nipishe." Akaikenulia kamera meno yote, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. Maji yakatoka. Hatujamaliza hata kugawa vikombe, kioo kidogo cha kichujio kikaleta ujumbe wa mfadhili: eti machozi yetu ya furaha yamemgusa sana moyo.

Nilisonya, nikanywa. Ningefanyaje?

Leo asubuhi mwanangu Kadzo, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, ameanguka mlangoni na goti likachubuka vibaya, damu inatoka. Nikamkimbilia nikijua atapiga ukelele. Hakulia. Aliniangalia usoni, akatabasamu, akangoja.