Nusu ya Doti

Waridi alisimama kwa mara ya pili, kanga imekunjwa kwapani.

“Mwenyekiti, hujanijibu. Nimeuliza, nani alimfunika mwanangu?”

Walikuwa kwenye kiwanja cha nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Muda mfupi tu uliopita watu walikuwa wakinyang’anyana zamu ya kusema. Mkutano uliitwa kwa ajili ya vijana wa visu, wale wanaopanda mabasi ya mwendokasi na sare zao za shule, wakakupora simu, na ukibisha wanakuchoma. Tangu yatokee yale ya kituo cha Msimbazi kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka askari katika kila basi. Mwingine alitaka viboko hadharani. Mwanne, muuza samaki wa kukaanga, alitaka wazazi ndio watiwe ndani.

Sasa wote walikuwa wakitazama miguu yao.

“Mama Uledi,” alisema mwenyekiti, mzee Zahoro, “suala la kanga si ajenda ya leo. Lakini tumelipokea. Tutalifanyia kazi.”

“Makubwa!” Mwanne alidakia. “Na mitaro uliipokea tangu mafuriko ya mwaka juzi. Hiyo kazi haiishi tu?”

Watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kucheka. Waridi hakucheka. Alitoka, na hakuna aliyemwita arudi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Polisi walimwambia upelelezi unaendelea. Wauza maji wa pale kituoni walisema siku hiyo hawakuwepo, wao ambao hawakosi hata siku ya mvua. Msibani jamvi halikujaa. Majirani walisimama mlangoni, wakatoa pole ya haraka, kisha kila mmoja akakumbuka kaacha chungu jikoni. Mtoto wa miaka kumi na sita kafia barabarani mchana kweupe, watu wamejaa, na mama yake hapati hata mmoja wa kumsimulia alivyolala.

Ila mmoja alimfunika. Kule chumba cha maiti walimkabidhi Uledi akiwa ndani ya kanga mpya ya zambarau, yenye maandishi yaliyomchoma Waridi kila alipoyasoma: HONGERA MWANANGU. Nani anamtandikia maiti kanga ya hongera? Waridi aliifua mpaka maji yakatoka meupe, akaipiga pasi. Kanga ya mtu hukai nayo, sembuse iliyomsitiri mwanao wakati wewe hukuwepo. Katika mji huu mzima alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshukuru, na hata huyo walimficha.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera. Ncha moja ya kanga ile haikukatwa kwa mkasi. Ilichanwa, ikaenda mshazari, nyuzi zikabaki zinaning’inia.

Kutoka mkutanoni alikwenda moja kwa moja Kariakoo, kwenye maduka ya kanga, akaanza kuuliza duka baada ya duka. Alikwisha kukata tamaa alipoingia kwa mzee Ghanim.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Nikuteremshie doti gani?”

“Sinunui. Namtafuta mwenye hii.”

Ghanim aliipokea, akaipitisha vidoleni kama anayehesabu tasbihi. Alipofika kwenye ncha iliyochanika alitabasamu.

“Aliyeikata hii alikuwa na meno, hakuwa na mkasi.” Kisha akaikunjua, akaona maandishi. Tabasamu likaondoka. “Umeipata wapi?”

“Ilimfunika mwanangu. Pale Msimbazi.”

Nje kijana wa duka la jirani alikuwa akipiga makofi na kuita wateja, mali mpya, mali mpya.

“Na mwenyewe humjui?”

“Ningemjua ningesumbua maduka ya watu?”

“Unamtakia nini?”

“Nimshukuru, basi!” Sauti ya Waridi ilipanda. “Mnaogopa nini nyote? Kila ninayemuuliza anameza ulimi!”

Ghanim aliikunja kanga taratibu, mikunjo ileile aliyokuja nayo, akamrudishia.

“Doti hili lilitoka humu dukani, siku ileile, adhuhuri. Kalinunua Bi Nawal wa Magomeni. Nilitaka nimkatie, akasema atakata na kupinda nyumbani.” Akamwelekeza mtaa na nyumba. Waridi alipofika mlangoni, mzee akaongeza, “Kamshukuru, mwanangu. Mungu akutangulie.”

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, baraza limefagiliwa. Ukumbini jamvi refu lilikuwa limekunjwa na kuegemezwa ukutani. Waridi alipiga hodi. Mwanamke aliyetoka alikuwa rika lake, mtandio begani, macho yamevimba. Aliiona kanga kabla hajamwona aliyeishika.

“Mimi ni mama yake Uledi,” Waridi alisema. Maneno aliyoyatunza siku zote zile yakamtoka kwa mkupuo. “Nimekuletea kanga yako. Watu wote wale, wewe peke yako ndiye uliyemsitiri mwanangu. Ahsante, dada yangu. Sina kingine.”

Bi Nawal hakunyoosha mkono. Alisogea, akagusa ile ncha iliyochanika, akaifuata kwa kidole mpaka mwisho.

“Nilinunua doti la mahafali ya mwanangu Khalil,” alisema. “Nikalichana kwa meno palepale kituoni, nusu nikamfunika yeye. Nilipoinua uso nikamwona na wako, watu wamekwisha kumpiga, wamemwacha, kisu chake chenye damu ya Khalil kiko chini kando yake, na hana wa kumfunika.”