Kai Amefika Salama

Mashine ya langoni ilikataa kulia. Mama Kai akaipangusa kadi kwa leso yake, akaigusisha tena. Kimya. Akaitazama simu mkononi, nayo kimya.

Watoto wakampita huku na huku, kadi zao zikilia tii, tii, kila moja ikimpelekea mzazi meseji kwamba mwanawe kafika salama. Ndizo shule za siku hizi, hata hapa Mtopanga. Mbuzi tu ndio hawajapewa kadi.

Samah alimwona kutoka dirishani. Huyu Samah, binti wa watu, alikuwa ndio anajifunza kusimamia kompyuta na mashine za shule. Mkubwa wake, Ngumbao, kamwambia kazi si nyaya, kazi ni mpango: ujue nani yumo, nani katoka, na aliyetoka umfute. Basi jana akafuta wote wasiokuwemo kwenye daftari za darasani, tena kwa mpango wake mwenyewe, akasifiwa mpaka akaona haya.

Mama Kai akaja dirishani na beseni lake la mahamri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, kadi ya Kai hailii."

Samah akatafuta jina. "Kai hasomi tena hapa, mama. Nimemtoa jana."

"Najua. Yuko Ganze, kwa babu yake."

Samah akacheka. Kumbe! Kila asubuhi mama huyu yuapita na kadi, mtoto aonekane yupo, nafasi yake isichukuliwe. Na askari wa lango atazama kando.

"Mama nawe! Mtoto yuko Ganze, wewe wataka simu ikwambie kafika Mtopanga? Si wajidanganya?"

"Nirudishie hivyo hivyo. Nafasi mpeni mwengine. Mimi nataka meseji tu."

"Wallahi siwezi. Mpango wote utaharibika." Kisha akayaona macho ya yule mama, roho ikamlainika. "Sikiza, mama yangu. Kila asubuhi mpigie simu babu yake. Akwambie kwa mdomo wake Kai kaamkaje. Si bora kuliko mashine?"

Mama Kai akaipangusa kadi tena, polepole, upande wa picha.

"Babu yake ndiye tuliyemzika kwanza, mwanangu," akasema. "Kai tukamlaza ubavuni mwake."