Mvi za Sikudhani

Sikudhani alikuwa akichana nywele zake wakati mumewe, Mahimbo, alipoingia chumbani na kibakuli cha piko, rangi nyeusi ya nywele.

"Jipake kabla wageni hawajafika," alisema. "Hizo mvi za mbele zinaonekana. Watu wanaokuja kumposa binti yetu wasije wakadhani ni mjukuu wako."

Sikudhani alimtazama kwenye kioo. Kichwa cha Mahimbo kilikuwa cheupe pee, na mtaa mzima ulimwita mzee kwa heshima.

"Na zako je?"

"Mimi ni mwanamume."

Hasira zilimpanda. Mvi zake zilikuwa chache tu, na zilianza kuota mwaka ule alipomuuguza mama yake Mahimbo, akimgeuza kitandani na kumlisha uji, huku Mahimbo akichungulia mlangoni na kwenda zake.

"Mama yako alizishika hizi kabla hajafa," alisema. "Akaniambia, pole mwanangu. Wewe hujaniambia hata siku moja."

Akakichukua kibakuli, akatoka nacho uani, akalimwaga piko lote mchangani. Mahimbo alimfuata akinong'ona kwamba watu wanabisha hodi.

"Nawasikia."

Alizivuta nywele zote nyuma akazifunga, mvi zikabaki wazi juu ya paji la uso, kisha akaenda kufungua mlango mwenyewe.

Mama wa kijana aliyekuja kuposa alimtazama machoni, halafu juu kidogo, pale penye mvi. Mkono wake ukapanda taratibu hadi kwenye ukingo wa mtandio wake, akausogeza nyuma kidogo, na mvi zake naye zikaonekana.